Udongo wa Bi Mwajuma

Vijana wangu, mkinikuta nimeinama kwenye lundo la mabua, nimechomoa kijiti na ninakishikashika kama mtu anayepima homa ya mtoto, msiitane kuja kuona bibi Nyangeta amechanganyikiwa. Hiyo ndiyo ilikuwaga kazi yangu. Wenzangu wamestaafu ualimu, wengine uuguzi, mimi nimestaafu kuozesha maganda. Kazi hiyo imenilisha, imewasomesha baadhi ya wazazi wenu, na imenipa huu mgongo mnaouona. Sasa mmeanzisha kikundi chenu cha mboga na kila siku mnanitumia mtu nije niwaeleze mambo ya mboji. Haya, kaeni. Yule aliyevaa viatu vyeupe atafute pa kusimama, maana hapa pana maji.

Kwanza mjue kwamba mimi sikuvumbua kitu. Ninachokijua chote nimekitoa kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Mwajuma, kingine kwa kufundishwa na kingine kwa kusutwa. Alikuwa mjane wa fundi cherehani wa Kitaji, hapa hapa Musoma. Baba yake alitoka Tabora, mama yake alikuwa Mjita wa hapa hapa ziwani, na ukimuuliza kabila lake anakujibu kwamba kabila lake ni mchicha. Alikuwa mfupi, mweusi tii, na mwendo wake ulikuwa wa haraka mpaka ukifuatana naye unachoka kabla ya kuanza kazi. Hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni udongo, na habari ninayotaka muondoke nayo leo ni ya siku alipotaka kunyang'anywa huo udongo. Lakini hamtauona uchungu wake kama hamjui ulitoka wapi, kwa sababu haukushuka mbinguni.

Bustani yake ilikuwa Nyakato, kwenye kiwanja alichoazimwa na mzee mmoja jirani, Mzee Mafuru. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Mzee alimwambia tu, "Lima hapo mama, mimi hapanifai kitu." Na kweli hapakumfaa kitu, maana palikuwa mchanga mtupu, ule mweupe wa kuchezea watoto. Ukimwaga maji asubuhi, ukigeuka nyuma huoni yalikokwenda. Watu walimwonea huruma, wengine walimcheka, na yeye akaanza kuokota takataka.

Mimi nilimkuta pale miaka ile ya shida, ambayo nyinyi mnaisikia tu kwa wazee. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, hata kiberiti ukikipata unakificha. Nilitoka kwetu Bunda, kwa wazazi wangu wakulima wa pamba, nikaja kukaa kwa shangazi yangu Nyakato nitafute maisha. Mbolea ya dukani, ile watu walikuwaga wanaiita ya chumvichumvi, ilikuwa imepotea kabisa. Bustani nyingi za kandokando ya ziwa zilikuwa zinaitegemea hiyo, kwa hiyo ilipopotea, sukuma wiki zikawa za njano, mchicha ukawa unatoa maua ukiwa na urefu wa kidole. Shangazi alinituma mboga, nikazunguka weee, nikakuta majani ya kijani mahali pamoja tu. Nikanunua. Kesho yake nikarudi, si kununua, nikaomba kibarua.

Bi Mwajuma hakuniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Aliniuliza kama ninajua kunusa. Nikadhani ananitania. Akachota udongo mkono wa kulia, akachota mwingine mkono wa kushoto, akanisogezea puani mmoja mmoja. Nikamwambia, kwa adabu nilizofundishwa kwetu, kwamba huu unanuka kama zizi na huu unanuka kama shamba mvua ikishakatika. Akakung'uta mikono akaniambia nichukue ndoo. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira, na mpaka leo ndiyo kipimo ninachowapa nyinyi. Mboji inayonuka zizi bado haijaiva. Ukiiweka kwenye mchicha itauunguza mizizi, halafu utasema umelogwa.

Haya, sikilizeni jinsi alivyokuwa anapanga. Chini aliweka vitu vigumu, mabua ya mahindi na ya mtama, ameyakatakata kwa panga, maana bua zima linaoza siku ukishazeeka. Juu yake majani mabichi, magugu yaliyong'olewa kabla ya kuzaa mbegu, maganda ya muhogo, maganda ya maharage. Juu yake samadi kidogo. Halafu majivu, ya kunyunyiza tu kama unavyotia chumvi. Halafu udongo wa zamani, ule ulioiva, konzi chache. Huo yeye aliuita hamira. Aliniambia hata unga hauumuki wenyewe, lazima uupe mwenzake wa kuuonyesha njia. Halafu maji, halafu unaanza tena mabua, mpaka lundo linakufika kifuani. Katikati anachomeka kijiti kirefu, anafunika kwa majani ya migomba.

Kijiti hicho ndicho daktari. Baada ya siku kadhaa unakichomoa, unakishika. Kikiwa cha moto na kina unyevu, lundo lina homa, liache lifanye kazi. Kikitoka kikavu na kina unga mweupe, lina kiu. Kikitoka cha baridi, geuza, cha nje kiingie ndani na cha ndani kitoke nje. Sisi tulikuwaga tunaulizana asubuhi, lile jembamba limeamkaje, lile la kona lina homa au limepona? Shangazi yangu siku ya kwanza kunisikia alidhani ninahudumia wagonjwa.

Siwafichi, si kila kitu kilikuwa kizuri. Siku moja Bi Mwajuma alipata wazo kwamba vumbi la dagaa lina nguvu. Boti zilikuwa zinakuja kutoka kisiwa cha Rukuba na dagaa, na kule zinakopakuliwa kulikuwa na vumbi na vichwa vinavyobaki chini, hakuna anayevitaka. Tukazoa, tukaweka kwenye lundo. Wazo halikuwa baya, kosa letu ni kwamba tuliviweka juu. Vitu vya namna ile unavizika katikati kabisa. Asubuhi tukakuta lundo limefumuliwa, na juu yake amekaa kenge, mkubwa, ameshiba, anatutazama kama sisi ndio tumeingia kwake bila kubisha hodi. Mimi nilirudi nyuma mpaka barabarani. Bi Mwajuma alimsogelea na fagio akimsemesha kwa upole, akimwambia baba, umeshakula, sasa tuachie nafasi tufanye kazi. Kenge akashuka, akaenda zake ziwani wala hakukimbia. Nilimheshimu sana mwanamke yule siku hiyo, na kenge pia.

Lakini kosa kubwa, lililotuvunja mbavu mtaa mzima, lilikuwa la ulezi. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa upande wa Butiama, na huko mnajua, mtu bila ulezi si mtu. Wakishapeta, makapi yanabaki milima. Bi Mwajuma alipoyasikia makapi hayo hakulala vizuri mpaka yalipofika, magunia na magunia. Yeye alikuwa mtu wa mjini, aliona makapi ni makapi. Hakujua kwamba upepo wa kupetea nao una uvivu wake, na mbegu kibao zinabaki humo ndani. Akayapanga mengi kwa mara moja, na kwa kuwa ni mepesi na makavu, maji yakawa yanateleza tu juu. Kijiti kikawa kinatoka baridi. Mvua zilikuwa zimekaribia, akaona basi, rangi imeshakuwa nyeusi, tutandaze kwenye matuta tupande mchicha.

Mchicha ukaota. Na ulezi ukaota. Baada ya muda mfupi mchicha ukawa hauonekani, matuta yote ni ulezi, umesimama kama umepandwa na mtaalamu. Wapita njia wakaanza maneno. Huyu anauliza, Bi Mwajuma, kumbe siku hizi unapika pombe? Yule anauliza, swala tano na busaa vinaendaje pamoja? Mpaka ustadhi wa jirani alipita akauangalia ule ulezi, akamwangalia yeye, akaondoka anacheka na ndevu zake.

Mwingine angenigeuzia mimi kibao, maana makapi yalitoka kwa ndugu zangu. Yeye hakunitupia hata jicho. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akaung'oa wote, mche kwa mche, akaurudisha kwenye lundo, safari hii katikati kabisa, penye moto. Akawa anauambia ulezi kwamba sasa utaiva upende usipende. Tangu siku ile hakuna kapi lililowekwa pembeni, na hakuna lundo lililotumika kabla halijapata homa kali na kugeuzwa. Nyinyi mkinisumbua hapa kwamba bibi, kwa nini tugeuze tena, kumbukeni kwamba sipendi kuulizwa kama ninapika busaa.

Kitu kingine nilichokipenda kwake ni kwamba alijua kusikiliza. Nilimpeleka kwetu Bunda msimu wa pamba ulipokwisha. Kule, mkishavuna, mabua yote ya pamba lazima yang'olewe na kuchomwa, ni amri, na bwana shamba anapita kukagua. Bi Mwajuma alipoona moshi umetanda mashamba yote alishika kichwa. Aliona tunachoma chakula cha mchicha. Akamfuata bwana shamba, kijana mdogo mwenye pikipiki, akambishia kweli kweli. Yule kijana hakumdharau. Alipasua bua mbele yake akamwonyesha funza aliyejificha humo, akiisubiri pamba ya mwaka ujao. Bi Mwajuma alimtazama funza yule, akamwambia kijana amenyoosha mikono, wachome. Halafu akaomba majivu. Tukarudi Musoma juu ya lori na magunia ya majivu, tumekuwa weupe kama mizimu. Majivu yale tulitia kwenye malundo, na mengine tukawa tunayapuliza asubuhi penye umande kwenye majani ya sukuma yenye vidukari. Hata leo ninafanya hivyo.

Hivyo ndivyo ule udongo ulivyotengenezwa. Mabua ya huyu, makapi ya yule, majivu ya Bunda, vumbi la Rukuba, maganda ya karanga ya wauza karanga wa sokoni. Mwaka baada ya mwaka tulitandaza, tukapanda, tukavuna, tukatandaza tena. Mchanga ukaanza kubadilika rangi juu, kisha ukabadilika ndani. Minyoo ikahamia, wala haikualikwa. Mchicha ulikuwa mnene, mnavu wake ulikuwa mweusi wa kung'aa, mgagani ulikuwa unanukia tangu barabarani. Akina mama ntilie walikuwa wanasema mchicha wa chumvichumvi unajaa sufuria ukiwa mbichi, ukiiva umebaki kijiko, lakini wa Bi Mwajuma unaupika na bado unauona. Ukiuchuma asubuhi, jioni bado umesimama. Mimi nilikuwa ninapita sokoni nao kichwani nikiwa na maringo kama bibi harusi.

Halafu zikaja zama za ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa. Nguo za mitumba, redio, sabuni za kila rangi. Mbolea ya dukani nayo ikarudi, ila bei yake ilikuwa ya kuisalimia kwa mbali. Viwanja navyo vikapata thamani, hata vya mchanga. Nyakato watu wakaanza kujenga nyumba za tofali, na kila mtu akakumbuka ardhi ya baba yake iko wapi.

Mzee Mafuru alikuwa amefariki. Mtoto wake, Masatu, alikuwa akifanya kazi kiwandani Mwanza, na kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, yeye akawa mmoja wao. Akarudi nyumbani na mke na watoto. Sitaki mumchukie. Alikuja pale bustanini kwa heshima, akamwamkia Bi Mwajuma, akamshukuru kwa kumtunzia kiwanja cha marehemu baba, akasema sasa anakihitaji, atalima mboga yeye mwenyewe. Akaomba baada ya mavuno yale amwachie.

Bi Mwajuma alisimamisha jembe lake. Alikuwa si kijana tena, magoti yalikuwa yameanza kumuuma, na kuanza upya kwenye mchanga mwingine ni maisha ya mtu mwingine mzima. Mimi nilijua hivyo, yeye alijua hivyo. Akamjibu, "Sawa mwanangu. Kiwanja ni chenu. Nitahama na udongo wangu."

Masatu akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Akasema udongo hauhamishwi, udongo ndiyo shamba lenyewe, na mtu akiuchukua ameiba. Hapo mimi nikashindwa kuvumilia. Ulimi wangu mnaujua. Nilimwambia Masatu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto wa watu. Bi Mwajuma alinishika mkono akanivuta nyuma. Akaniambia baba wa huyu alimpa mahali pa kusimama wakati ambapo hakuwa na mbele wala nyuma, kwa hiyo nisimtukanie mtoto. Twende kwa balozi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Hakutaka kesi isikilizwe kibarazani kwake, alitaka iende palipo na ugomvi. Basi tukasimama pale bustanini, watu wa mtaa wamezunguka, wengine wameshika mafungu ya mchicha waliyokuja kununua. Masatu akaongea, na aliongea vizuri. Aliuliza, mti ukiota kwenye uwanja wako ni wa nani? Mvua ikinyesha kwenye uwanja wako, maji ni ya nani? Baba yake alitoa ardhi bure miaka yote ile, leo watoto wake waambiwe wakae kwenye shimo? Nikaona watu wanatikisa vichwa kukubali. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuona tumeshindwa.

Bi Mwajuma alipopewa nafasi alinigeukia mimi. Aliniambia nichukue jembe nichimbe kando ya ua wa miti, mahali ambapo hatukuwahi kulima. Nikachimba. Ulitoka mchanga, mweupe, mkavu, unateleza kurudi shimoni. Akaniambia nichimbe katikati ya tuta. Jembe liliingia lenyewe. Ulitoka mweusi, una mabonge, una minyoo, na ile harufu ya mvua ikasimama pale katikati ya watu na jua lote lile. Nikaendelea chini, bado mweusi. Watu wakasogea.

Hapo ndipo aliposema, na alimsemesha Masatu, si balozi. "Baba yako aliniazima ule kule. Huu hapa hakuniazima, kwa sababu hakuwa nao."

Balozi alijifuta grisi kwenye suruali. Akachuchumaa, akachota kule, akaja akachota huku, akasimama akipima mkono huu na mkono huu. Mwisho akasema mtu akiazima debe la mahindi anarudisha debe la mahindi. Huyu mama aliazimwa mchanga, basi arudishe mchanga. Autoe udongo wake, asawazishe, asiache mashimo ya kuvunja miguu ya watoto, na amalize kabla mvua hazijaanza.

Watu walishangilia, lakini nilimwona Masatu amegeuka anaangalia ziwani. Alikuwa bado amevaa viatu vya kiwandani, vimepasuka mbele. Bi Mwajuma alimfuata. Alimwambia lile lundo kubwa la kona, lenye homa, hatalichukua, anamwachia kwa ajili ya baba yake. Akamwonyesha kijiti, akamwambia mimi nitakuja kumwelekeza kugeuza. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, lakini nilikwenda nikamwelekeza, na Masatu alikuja kuwa mkulima mzuri wa mboga ya chainizi.

Sasa tulikuwa na ruhusa ya kuchukua udongo, lakini tunaupeleka wapi? Mfanyabiashara mmoja mwenye kiwanja kitupu upande wa Kitaji alikuwa amesikia habari, akamtumia Bi Mwajuma ujumbe kwamba anamkaribisha, alime bure. Tukashukuru Mungu. Siku ya kuhama walikuja wanawake ambao sikuwategemea. Wateja wetu, wachuuzi wa sokoni, akina mama ntilie, Waislamu na Wakristo, Wajita, Wakwaya, Wazanaki, kila mmoja na beseni au karai au debe lake. Hakuna aliyewaita. Walijaza udongo, wakajitwisha, tukatoka Nyakato kwa msururu, Bi Mwajuma mbele na beseni lake kichwani, mimi nyuma yake. Watu wakatoka madukani kuangalia. Mtu aliuliza kama kuna msiba, akajibiwa kwamba hapana, ni udongo unahamia Kitaji.

Yule mfanyabiashara alikuwa ametusubiri mlangoni mwa kiwanja chake, amefurahi, mikono kiunoni. Akaanza kutuelekeza kwa kidole, mwageni hapa, na hapa, na kule kona msipasahau. Akasema, "Leteni mama zangu. Miaka michache tu, kiwanja changu hiki kitakuwa mahali pa maana."

Bi Mwajuma alikuwa ameshainua mikono kutua beseni. Akairudisha. Akamuuliza, "Na kikishakuwa mahali, mimi nitakuwa wapi?"

Mwanamume yule alicheka vizuri tu, bila ubaya. Akasema hayo tutaongea siku hiyo ikifika.

Ninaikumbuka shingo ya Bi Mwajuma. Mtu mwenye beseni kichwani hawezi kugeuza kichwa peke yake, lazima ageuke mwili mzima, na yeye aligeuka taratibu mpaka akatutazama sisi wote tuliosimama nyuma yake barabarani. Nilifikiri anataka kulia. Nilikosea. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kutuma mtu maji, "Kila mtu apeleke beseni lake kwake. Mwageni nyuma ya jiko. Wekeni maganda na mabua juu yake. Mimi na Nyangeta tutapita kugeuza."

Wanawake walitazamana. Mimi nilimkimbilia, nikamwambia mama, unafanya nini, huo ni udongo wa maisha yako, na sisi tutakula wapi? Maana na mimi maisha yangu yalikuwa humo ndani ya mabeseni. Akaniambia, "Ukikaa mahali pamoja, kila mwenye mahali atakuja kuudai. Acha ukae kwa watu." Kisha akawapungia mkono waanze kwenda, kwa sababu shingo zilikuwa zinauma.

Wakaenda. Mmoja akakata kulia, mwingine kushoto, wengine wakarudi Nyakato. Waliumwaga nyuma ya majiko yao wakarudi kuchukua mwingine, siku ile na siku zilizofuata, mpaka kwenye kiwanja cha Mafuru ukabaki mchanga mweupe uliosawazishwa na lundo moja la kona. Mimi nililia wiki nzima. Bi Mwajuma hakulia. Alikata vijiti, vingi, akavifunga kitita, na asubuhi tukaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Hiyo ndiyo kazi niliyoistaafu, vijana wangu. Tulikuwa na lundo kila ua, la huyu lina homa, la yule lina kiu, tunageuza, tunanusa, tunapanda pamoja na wenye nyumba, tunagawana mboga. Beseni lile moja ukilitia kama hamira kwenye maganda yako, msimu unaofuata una mabeseni mengi, na jirani anakuja kuomba. Palikuwa na mchicha nyuma ya majiko Kitaji, palikuwa na mnavu Nyakato kwenye nyua ambazo hazikuwahi kuota hata nyasi. Bi Mwajuma aliishi miaka mingi baada ya hapo, anatembea na kijiti chake, anakaribishwa kabla hajapiga hodi. Viwanja viliuzwa, vikapimwa, vikagombewa mpaka mahakamani, na hakuna mtu aliyeweza tena kumwambia atoke, kwa sababu hapakuwa na mahali pamoja pa kumtoa.